Msiba wa Mwinjuma Aliye Hai

Ukifika Zinga ukauliza nyumba ya Bi Chausiku Mbaruku, usihangaike kutaja ukoo. Sema tu, "yule mpishi asiyeficha nyama," na hata mtoto anayecheza kando ya barabara atakuonyesha. Sifa hiyo si ndogo. Mpishi wa shughuli, iwe harusi au hitima, hukabidhiwa ng'ombe mzima, magunia ya mchele, viungo na mafuta, na mwenye shughuli hana nafasi ya kusimama jikoni akilinda minofu. Wapo wapishi, majina yao nayajua ila leo tuwasitiri, ambao shughuli ikiisha mabeseni yao hurudi nyumbani mazito kuliko yalivyokuja. Beseni la Bi Chausiku hurudi na mwiko, kisu na kanga inayonuka moshi. Kwa hiyo anaitwa kutoka Kerege hadi Bagamoyo mjini, na kwa hiyo hiyo wanawake wa chama cha kufa na kuzikana walimfanya mweka hazina wao.

Chama hicho ni cha zamani. Kila mwanachama hutoa kidogo kila mwezi, na ukitokea msiba chama hununua sanda, hukodi turubai na kulisha waombolezaji, ili mfiwa apate kulia kwa nafasi. Zamani fedha zilikaa kwenye sanduku la bati lenye kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa mwenyekiti, Bi Rukaya, wa pili kwa mweka hazina. Hakuna aliyeona kuwa anashukiwa. Kisha sanduku likaanza kuliwa na kutu, na vijana wakasema, mama zetu amkeni, wekeni fedha kwenye simu. Ikanunuliwa laini ya chama, ikasajiliwa kwa jina la Chausiku, ikawekwa kwenye simu yake pamoja na laini yake mwenyewe. Ikabaki kuweka namba ya siri.

Hapo Bi Rukaya akasema neno lililomchoma Chausiku hadi mfupani.

"Namba yenyewe ina tarakimu nne. Mbili za mwanzo aweke Chausiku, mbili za mwisho nitaweka mimi. Na kila mtu akae na zake."

"Bi Rukaya, mimi nimeanza wizi lini?"

"Sijasema mwizi, mwanangu. Nimesema kufuli mbili."

Tangu siku hiyo, fedha zikitakiwa, wawili hao huenda kwa wakala pamoja. Chausiku hubonyeza zake huku Bi Rukaya ameangalia barabara. Kisha Bi Rukaya huichukua simu, na Chausiku naye hugeukia ukuta kama mtoto anayehesabu kwenye kombolela. Wakala hujiuma midomo asicheke. Chausiku hakuona cha kuchekesha. Shikamoo aliitoa, marahaba ikaitikiwa, basi, maneno mengine yakakatika kati yao. Akamlalamikia mumewe, Mwinjuma, mtu wa shamba la mihogo na wa maneno machache.

"Baba Najim, ng'ombe mzima wananiachia, tarakimu nne wananinyima!"

"Ng'ombe hatumwi kwa simu," Mwinjuma akajibu, akaendelea kunoa jembe lake.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwenye kosa ambalo Chausiku hakujua kuwa ni kosa. Mwaka uliotangulia simu yake ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, laini ikafa. Akaenda mjini Bagamoyo, pale stendi, kwa kijana mmoja aliyekaa chini ya mwavuli akisajili laini. Kijana alikuwa na heshima zake zote. Alichukua namba ya kitambulisho, akamwomba aweke kidole gumba kwenye kile kidude chenye mwanga.

"Mama, kidole hakijasoma. Jifute vizuri, uweke tena."

Mtu mwingine angeuliza. Mpishi haulizi. Mpishi anajua vidole vyake vimeungua kwa miaka mingi, vimeshika mifuniko ya moto na kugeuza mikate juu ya chuma, na ngozi yake imelainika kama kijiko cha mbao. Chausiku aliona haya kwa ajili ya kidole chake. Akakifuta kwa kanga, akaweka tena, akamshukuru kijana kwa uvumilivu. Kumbe kidole kilikuwa kimesoma tangu mara ya kwanza. Mara ya pili kilisajili laini nyingine, kwa jina la Chausiku Mbaruku, na laini hiyo ikaenda kwa watu ambao Chausiku hajawaona hadi leo.

Ikawa mwezi wa Mfunguo Mosi, Ramadhani imekwisha, harusi zimefuatana kama siafu. Jumamosi moja Chausiku alidamka kwenda kupika Kerege. Mwinjuma alikuwa mlangoni akijaza upepo baiskeli, tayari kwenda shamba.

"Mama Najim, ukirudi niletee japo ukoko wa hiyo pilau."

Kwa Mwinjuma, ukoko ni bora kuliko nyama. Ule mchele wa chini uliogandana na mafuta na viungo angeula asubuhi na jioni. Lakini mkewe hakucheka.

"Mpishi asiyeficha nyama hafichi hata ukoko. Harusi si yako, mume wangu."

Wakaachana hivyo.

Kufikia saa nne masufuria yalikuwa yamechemka Kerege, moshi umetanda, wanawake wanaimba, na Chausiku amesimama na mwiko mrefu kama kasia. Simu ikalia kwenye fundo la kanga. Ilikuwa sauti ya mwanamke, laini, ya mtu aliyelelewa.

"Shikamoo somo."

"Marahaba. Somo nani mwenzangu?"

"Mimi Chausiku, kama wewe. Niko huku huduma kwa wateja. Nimeona jina lako miongoni mwa laini zinazofungwa leo, nikasema hapana, somo yangu simwachi afungiwe hivi hivi."

Labda wewe unayesoma umeshamjua huyo ni nani, na unajiona mjanja. Haya, hongera. Lakini kwetu pwani somo si mtu wa kumfungia mlango. Mwenye jina lako akija na shida unamsikiliza, akija na njaa unampakulia, na kumkatalia ni kujikatalia mwenyewe. Hao wezi wa siku hizi hawavunji dirisha. Wanabisha hodi, wanavua viatu, wanakuamkia kabla ya kukuibia. Na Chausiku alikuwa na mkono mmoja kwenye mwiko, jicho moja kwenye moto.

"Itaingia namba ya tarakimu sita," somo akasema. "Nisomee tu, nikuhakikie."

Namba ikaingia. Chausiku akaisoma yote sita.

"Ahsante somo. Sasa, laini ya fedha unayo?"

"Yangu haina kitu. Yenye kitu ni ya chama."

"Basi hiyo ndiyo tuiwahi. Nipe namba yake ya siri, nami naifunga humu isiguswe na mtu."

Chausiku akataja tarakimu mbili. Somo akangoja.

"Na nyingine?"

"Nyingine sina. Anazo mwenyekiti."

"Namba moja ya siri mnagawana watu wawili?"

"Hata mimi nashangaa, somo yangu."

Simu ikakatika. Chausiku akaona mtandao wa Kerege leo mbovu. Akaitupa simu kwenye kikapu, chini ya kanga yake ya kubadili, akarudi kwenye sufuria kabla mchele haujashika chini.

Somo yule alipoona mlango mkubwa una kufuli mbili, akaingilia dirishani. Zile tarakimu sita zilikuwa ndizo ufunguo wa watsapu ya Chausiku. Kwa dakika chache tu mtu asiyejulikana alikuwa amekaa ndani ya kundi la chama, amevaa jina na picha ya mpishi asiyeficha nyama, na akaandika: "Ndugu zangu, mume wangu kanitoka. Namba yangu inasumbua. Ubani wenu tumeni kwenye namba hii." Namba yenyewe ilikuwa ile laini ya stendi, na kila aliyeibonyeza aliona jina kamili limejitokeza, Chausiku Mbaruku. Nani angetia shaka?

Ila mwizi huyo hakuijua Zinga. Alidhani watu wakipata habari ya msiba hukaa vitini wakabonyeza simu. Wa mbali labda. Wa karibu husimama. Kabla ya adhuhuri turubai lilikuwa limefungwa uani kwa Mwinjuma, majamvi yametandikwa, kuni zimeshushwa, nazi zimekunwa nusu, na kina mama wamejifunga kanga vichwani. Nyumba ilikuwa imefungwa na maiti haonekani, wakasema bila shaka yuko hospitali mjini. Walimpigia Chausiku, hapokei. Wakasema maskini, habari imemkuta jikoni kwa watu, hata sauti haimtoki. Wakamtuma Rajabu, dereva wa bodaboda, akamchukue.

Rajabu aliingia jikoni Kerege na uso wa huzuni.

"Pole sana, mama."

"Pole ya nini, Rajabu?"

Kijana hakuwa kwenye kundi la chama, hakujua habari ilitoka kwa nani. Akaona kwamba huyu mama hajui, na yeye hakutumwa kuwa wa kwanza kumwambia. Msiba haurushwi usoni kwa mtu. Akabadilisha maneno haraka, kama wanavyofundishwa wote.

"Unaitwa nyumbani. Baba Najim... hali yake si nzuri."

Chausiku amepika kwenye misiba zaidi ya anayoweza kukumbuka. Mara ngapi yeye mwenyewe ametumwa kwa mfiwa na maneno hayohayo, "hali yake si nzuri", huku kaburi linachimbwa? Alijua maana yake kabla Rajabu hajafunga mdomo. Mwiko ukamtoka mkononi, yeye ambaye hajawahi kuacha sufuria motoni tangu aanze kazi. Msaidizi wake akauokota. Chausiku akachukua kikapu, akapanda pikipiki, wakaondoka.

Simu ililia kikapuni njia nzima. Hakuipokea. Alichokuwa anakijua kilimtosha, hakutaka kukisikia tena kwa sauti ya mtu. Miti ilipita, maduka yakapita, na yeye kichwani alikuwa na kitu kimoja tu, kidogo, cha aibu: ukoko. Mume wa miaka yote hiyo, jambo la mwisho alilomwomba ni mchele ulioungua, na yeye akamnyima kwa ajili ya sifa yake. Alilia kwenye mgongo wa Rajabu mpaka shati la kijana likalowa.

Wakati huo simu ilikuwa inalia kwa sababu marehemu alikuwa amerudi.

Mwinjuma alikuwa ametoka shamba, jembe limefungwa kwenye baiskeli, na kwenye kona ya nyumbani kwake akaona turubai. Hakufikiria kingine. Mkewe alikuwa ametoka asubuhi, na sasa kuna turubai. Akaiacha baiskeli ikaanguka, akajikokota mpaka kwenye benchi la mwisho la wanaume, akakaa na kushika kichwa.

"Saa ngapi amefariki?" akamuuliza jirani yake bila kuinua uso.

"Asubuhi, wanasema. Maskini Mwinjuma, alikuwa mtu mwema."

"Nani?"

Jirani akageuka kumjibu. Ninavyoambiwa, yule bwana ana uzito wa magunia mawili, lakini alilipita ua la makuti bila kuligusa. Watu wakatawanyika, wengine wakisoma Ayatul Kursi kwa sauti, mpaka Mwinjuma mwenyewe akasimama na kuwaambia kwamba mzimu hauwezi kuwa na kiu kama aliyonayo yeye, tafadhali wampe maji. Alipoelezwa kuwa aliyekufa ni yeye wala si mkewe, alicheka, akashukuru Mungu, akaomba na kahawa.

Basi pikipiki ilipoingia uani, mtu wa kwanza ambaye Chausiku alimwona chini ya turubai la msiba wa mumewe alikuwa mumewe, kashika kikombe cha kahawa.

Hakungoja Rajabu asimame. Aliruka, akajikwaa, akainuka, akamwendea. Kwetu mke hamkumbatii mume mbele za watu, hata akiwa ametoka Hija. Chausiku alimkumbatia. Kisha akamwacha, akavua kanga ya kichwani, akamchapa nayo mabegani, huku akilia na kucheka.

"Wewe! Wewe umenifanya nini, Baba Najim?"

"Mimi nimefanya nini tena? Nimekufa tu kama walivyosema."

Uani watu walipumua. Mtu akipiga vigelegele msibani ni kosa, lakini siku ile vilipigwa. Moyo wa Chausiku ulikuwa mwepesi kiasi kwamba alitamani kuketi palepale mchangani asiinuke tena. Ila furaha ile haikudumu, kwa sababu Samia, mwanachama mwenye duka la vitambaa mjini, alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye bajaji.

Samia hakuweza kufunga duka mapema, kwa hiyo ubani wake aliutuma kwa simu. Sasa alisimama akimwangalia marehemu anakunywa kahawa.

"Jamani, mimi fedha yangu nimeituma," akasema, akamwonyesha Chausiku ujumbe na namba kwenye simu yake. "Na jina lililotokea ni lako, Mama Najim. Nimelisoma. Chausiku Mbaruku."

"Namba hiyo siijui, Samia. Wallahi siijui."

"Jina ni lako."

Hapo ndipo Chausiku alipojua hatari iliyo mbele yake. Amerudishiwa mumewe, lakini sasa walikuwa wanamchukua yeye. Aliona macho yakishuka kwenye majamvi, aliona mwanamke mmoja akimgusa mwenzake kiunoni. Alijua wanachofikiri, kwa sababu ndicho wanachofikiri juu ya wapishi wenye mabeseni mazito. Ujumbe umetoka kwake. Namba ina jina lake. Mume hai. Na fedha za chama zimo kwenye simu yake. Jina alilolijenga sufuria kwa sufuria lingekwisha kabla ya alasiri, na jina la mpishi likiharibika halioshwi.

Akainuka Bi Rukaya, polepole, kwa sababu ya nyonga.

"Lete simu tuangalie za chama."

Chausiku akaitoa kikapuni. Akabonyeza zake mbili. Bi Rukaya akaipokea, na bila kuambiwa wanawake wote uani wakageuza nyuso, kama kwa wakala. Akabonyeza zake mbili. Akasogeza simu mbali na macho, akasoma.

"Zipo. Zote."

Alikuwa bado ameishika simu, na Chausiku amesimama mikono mitupu, wakati simu zilipolia. Zililia zote kwa pamoja, kwenye mafundo ya kanga, kwenye mikoba, kwenye majamvi. Iliyokaa kimya ni moja tu, ile iliyokuwa mkononi mwa Bi Rukaya.

Mwalimu Gertruda, jirani na mwanachama, alivaa miwani yake akasoma kwa sauti ya darasani.

"Imetoka kwa Chausiku. Anasema, 'Ndugu zangu, mbona ubani unasuasua? Maiti yupo ndani, nalia peke yangu, hakuna hata mmoja aliyenijia.'"

Watu wakamtazama Chausiku. Wakaitazama simu yake. Wakalitazama turubai, majamvi, masufuria, benchi zilizojaa. Wakamtazama maiti.

"Mimi nimekuja," akasema Mwinjuma.

Hapo kicheko kilichotoka kilisikika mpaka barabarani. Njia ya mwongo ni fupi, na huyu yake iliishia kwenye jamvi. Samia alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamshika Chausiku mkono akamwomba radhi. Bi Chausiku alikubali, lakini yeye hakuwa anacheka bado. Kulikuwa na neno hajalisema.

"Bi Rukaya, kanipigia mtu akaniita somo. Nimemsomea namba akaichukua watsapu yangu. Na za chama... zangu mbili nilimpa. Ungeniachia zote nne ningempa zote nne."

Bi Rukaya akamrudishia simu.

"Angenipigia mimi akaniita somo, ningempa zangu na chai juu," akasema. "Mtu mmoja hudanganyika, mwanangu, hata akiwa mwaminifu vipi. Kufuli ya pili si ya mwizi. Ni ya siku kama hii."

Chausiku akainama akambusu mkono. Miezi yote ya shikamoo kavu ikaishia hapo, na nasema kweli, alijiona ametua mzigo wa kuni.

Yaliyofuata yalikuwa ya haraka. Mwalimu Gertruda alipiga simu huduma kwa wateja, ile namba halisi iliyoandikwa kwenye kadi ya laini, wala si namba iliyompigia mtu. Fedha ya Samia ikazuiwa kabla haijatolewa. Ya binamu mmoja wa Mwinjuma, aliyepelekewa ujumbe ule Dar es Salaam, ilikuwa imeshakwenda, na tukimkumbuka tunasikitika. Chama kilijaribu kumrudishia, akasema waiache, ni sadaka ya uhai wa Mwinjuma. Jumatatu Chausiku alikwenda mjini, polisi kutoa taarifa, kisha kwenye ofisi ya simu. Pale wakaangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, ikaonekana ile asiyoijua, ikafungwa mbele ya macho yake. Alipoweka kidole gumba kuthibitisha, kilisoma mara moja. Akakitazama kidole chake kwa heshima mpya. Kidole hakikuwa na kosa lolote tangu mwanzo.

Watsapu nayo ilirudi, na Mwalimu Gertruda akamwekea humo namba nyingine ya ziada ambayo mtu haingii bila hiyo.

"Kumbe hata watsapu wana Bi Rukaya wao," Chausiku akasema.

Na chakula? Mchele umeshaoshwa, nazi zimeshakunwa, kuni zinawaka. Nani atarudisha nazi kwenye kifuu? Siku ileile mpishi alijifunga kanga, akawapikia waombolezaji wake pilau, wakala mpaka wakafungua vifungo. Huko Kerege msaidizi wake alimaliza kazi vizuri, ila wenye harusi walisema chumvi ilikosa mkono wa mwenyewe. Chausiku huisimulia habari hiyo mara nyingi kuliko ile ya wezi.

Tangu siku hiyo chama kina sheria moja zaidi. Ujumbe wa kuomba fedha, uwe umetoka kwa nani, haujibiwi kwa fedha. Unapiga simu, unasikia sauti, na unauliza swali ambalo jibu lake haliko kwenye simu wala kwenye kitambulisho. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hawa wameumwa kijiji kizima.

Anayeionja joto ya sheria hiyo zaidi ni Mwinjuma. Mwezi uliopita alikwenda Msata kumwona ndugu yake, simu yake ikazima, na nauli ya kurudia ikaishia kwa fundi wa baiskeli aliyoazima kwa ndugu huyo. Akaazima simu ya mwenye duka la pale njia panda. Chausiku alikuwa anachambua mchele aliposikia namba ngeni inaita.

"Mama Najim, ni mimi. Nitumie nauli kwenye namba hii."

"Wewe nani?"

"Mumeo!"

"Mume wangu alifariki. Watu wote wa Zinga mashahidi."

"Mwanamke, jua linazama huku!"

Sauti ni yake, ile hasira ya polepole ni yake. Lakini Chausiku alishawahi kuamini sauti nzuri, akapoteza mume kwa saa nzima. Akauweka ungo chini.

"Siku ya msiba wako," akauliza, "watu walipoondoka nilikupa nini jikoni?"

Mwenye duka alisikika akicheka kwa mbali. Mwinjuma alipojibu, alikuwa ameshusha sauti, kama mtu aliyegeukia ukuta.

"Ukoko," akasema. "Sufuria zima. Ulikuwa umeniwekea chini ya kawa, hukumwonyesha mtu."

Chausiku akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Ndiyo, aliuficha ukoko ule. Ndicho chakula pekee ambacho mpishi asiyeficha nyama amewahi kukificha maishani mwake. Akamuuliza jina la mwenye duka, akalisoma kwenye simu likalingana, akatuma nauli. Kisha akaongeza kidogo juu yake, ya maji ya njiani.